Nguzo Mbili Zilizopotea

Pale Itetemia, mtu akitaka kumsema Bertila Masolwa huanza kwa kumsifu. Atasema ni mchapakazi, mkono wake mwepesi, hana makuu. Kisha atashusha sauti na kuongeza: lakini usimkosee. Sifa hiyo ya mwisho aliipata kijijini Ntalikwa, mbele ya kamati nzima ya ujenzi, na mwenyewe haikatai.

Bertila alikulia kwenye tofali. Baba yake, Masolwa, alifyatua na kuchoma tofali kwa zaidi ya miaka thelathini, na nyumba nyingi za upande ule wa mji zimesimama kwa udongo aliouchimba yeye. Binti alianza kubeba maji ya kukandia udongo kabla hajajua kusoma. Alipofika darasa la tano alikuwa anashika kalibu mwenyewe: anajaza, anasawazisha juu kwa kibao, anapindua, anainua, tofali linabaki chini limetulia. Alijua kwamba kila tofali la kozi, yaani safu, ya juu lazima likanyage mawili ya chini, na kwamba ukuta unaojengwa kwa haraka hulipiza kisasi wenyewe.

Kidato cha nne alipata alama ambazo hazikumpeleka popote. Akahangaika huku na huko, hadi alipopata kazi mjini, karibu na stesheni, kwenye ofisi ya mchora ramani za nyumba aliyeitwa Sixbert. Kazi yenyewe ilikuwa kufagia, kuchemsha chai, kupokea wateja na kuchapa barua. Sixbert alikuwa na desturi ya kumwita kila aliyeingia pale "mtaalamu", awe mwashi au mwenye duka. Bertila peke yake alimwita "dada wa chai".

Kulikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikuwa ya Sixbert, ya pili ilikuwa ya barua. Siku moja mchana, bosi akiwa ametoka kwenda kupima kiwanja, Bertila alikutana mtandaoni na programu ya bure ya kufundishia watu usanifu. Ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule na watu wasiojua kitu. Upande mmoja wa kioo kulikuwa na maumbo: mchemraba, koni, mpira, bomba. Unalikamata umbo kwa mausi, unalivuta hadi kwenye uwanja, unalinyoosha, unalitoboa, unaliunganisha na lingine. Ndani ya wiki mbili alikuwa amejenga nyumba yao ya Itetemia, na choo chake, na banda la kuku.

Lakini kilichomshika hasa ni kitufe kimoja cha juu, chenye picha ya kitofali cha kuchezea. Ukikibofya, chochote ulichojenga hugeuka na kuwa vitofali vya plastiki vya rangi, vyenye vinundu juu, vile vinavyopachikana. Unaweza kuchagua vitofali vikubwa, vya kati au vidogo. Na kuna sehemu ya kuvuta ambayo hushusha jengo hadi chini kabisa, kisha ukivuta tena linapanda kozi moja moja, likikuonyesha kila kitofali kinakaa wapi. Bertila aliangalia banda la kuku likipanda hivyo mara sita mfululizo. Alihisi kama kuna mtu, mbali huko, aliyekaa chini akatengeneza kitu kwa ajili ya mtoto wa Masolwa.

Sixbert alipomkuta alicheka tu. Alisema ni mchezo wa watoto, akamwambia asisahau chai.

Ikawa mwaka huo wananchi wa Ntalikwa wanataka kujenga chekechea. Kamati yao ya ujenzi iliongozwa na Mzee Modesti, mkulima wa karanga na mfugaji wa nyuki, mtu wa maneno machache. Mara mbili walikuja ofisini, mara mbili Sixbert aliwatandazia ramani zake zenye mistari myembamba, na mara mbili waliondoka bila kuelewa. Mzee Modesti alisema wazi kwamba haoni nyumba mle, anaona nyuzi za buibui.

Bertila aliwahurumia. Kwa siku nne za mapumziko ya mchana alijenga ile chekechea kwenye programu yake: madarasa mawili, stoo, na mbele baraza pana lenye paa la zege, watoto wakae kivulini. Baraza aliliwekea nguzo nne, mbili pembeni na mbili katikati. Nguzo zile za katikati alizifanya nyembamba ili zisiwazuie walimu kuwaona watoto uwanjani. Akaligeuza jengo lote kuwa vitofali, akachagua vile vikubwa kwa sababu vinaonekana vizuri karatasini, akachapa picha kumi na mbili, kozi kwa kozi. Akampa Sixbert. Akamwambia kwamba zile ni picha za kuonyeshea tu, na jengo kamili liko kwenye programu, kwa jina lake Bertila, akilitaka atamfungulia.

Kamati ilipokuja mara ya tatu, Bertila aliingia na sinia la chai akakuta picha zake zimetandazwa mezani. Wazee wanazipokezana, wanacheka kwa raha, mmoja anahesabu madirisha kwa kidole. Mzee Modesti akauliza nani kazichora. Sixbert akasema ni yeye, ni mbinu mpya aliyoisomea. Mzee akamtazama Bertila, labda kwa sababu alisimama pale na sinia bila kuondoka, akauliza na huyu binti je.

"Huyu ni dada wa chai," Sixbert akasema. "Bertila, sukari haitoshi."

Alileta sukari. Wageni walipoondoka alimwomba bosi jambo moja: jina lake liandikwe kwenye pembe ya ramani, hata kwa herufi ndogo, chini ya jina la bosi mwenyewe. Sixbert alimwuliza ni wapi amewahi kuona jina la mfagiaji kwenye ramani ya jengo. Kesho yake asubuhi alimkabidhi bahasha na kumwambia ofisi inapunguza watu, ingawa watu wenyewe walikuwa wawili tu.

Bertila alirudi Itetemia kwa miguu. Alimkuta baba yake uani akinoa jembe, akamweleza yote. Masolwa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba babu zao walibeba pembe za ndovu za watu wengine kutoka huku hadi pwani, miezi mitatu kwenda na mitatu kurudi, mabega yamechubuka, na safari ikaitwa ya tajiri. Alisema hivyo kama anayetaja hali ya hewa, akaendelea kunoa. Bertila aliingia ndani akalala chali akitazama mabati, na hakulia. Alikuwa anapanga.

Mwanzoni hakuwa na mpango wowote wa maana. Aliwaza kwenda kumtukana hadharani. Aliwaza kumwandikia Mzee Modesti barua, akaona kwamba itakuwa neno la dada wa chai dhidi ya neno la mtaalamu. Alirudi kufyatua tofali na baba yake, na kila aliposhindilia udongo kwenye kalibu alishindilia kwa ngumi.

Mwezi ukapita. Siku moja alipeleka tofali Ntalikwa kwa mteja, na kwenye njia ya kurudi akapita kiwanja cha chekechea. Msingi ulikuwa umekwisha. Alisimama akiutazama kama mtu anayetazama mtoto wake akilelewa na wengine. Madarasa mawili, sawa. Stoo, sawa. Baraza, mbele pale. Akahesabu misingi ya nguzo, akahesabu tena. Ilikuwa miwili. Pembeni mmoja, pembeni mwingine, na katikati hakuna kitu.

Alikaa juu ya rundo la mawe akafikiri, na taratibu akaelewa. Zile nguzo nyembamba za katikati zilikuwa nyembamba kuliko kitofali kikubwa kimoja. Programu ilipogeuza jengo kuwa vitofali vikubwa ilishindwa kuziweka, ikaziruka. Kwenye kioo paa la baraza lilibaki limeelea vizuri, maana kwenye kompyuta kitu hakianguki. Yeye mwenyewe wakati ule hakuliona hilo, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye rangi. Na Sixbert, baada ya kumfukuza, hakuwa na lile jengo kamili. Alikuwa na picha kumi na mbili za vitofali. Alichofanya ni kukaa na rula, akachora ramani kutoka kwenye picha za mchezo wa watoto. Mita tisa za zege, nguzo mbili.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo Bertila hulisema mwenyewe bila kuulizwa. Hakukimbia kumwita mtu. Alicheka. Alicheka peke yake juu ya yale mawe mpaka mwashi aliyekuwa anachanganya udongo akageuka kumtazama. Akainuka, akasukuma baiskeli yake, na siku hiyo alikula ugali wa kushiba kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe.

Kuanzia hapo alitafuta kila sababu ya kupita Ntalikwa. Kuta zilipanda, naye alizitazama kozi kwa kozi, vilevile kama zilivyopanda kwenye kioo. Lenta ikawekwa. Mbao za baraza zikafungwa, mirunda, miti ya kulishikilia zege, ikasimamishwa chini yake kama msitu, zege likamwagwa. Alijua kwamba maadamu mirunda ipo, zege litakaa. Siku mirunda itakapotolewa, Sixbert atajua yeye ni nani. Bertila alizihesabu siku hizo kama bibi harusi. Alikuwa anaiona hadi sura yake: shati lake la mikono mirefu limejaa vumbi, mdomo wazi, wataalamu wake wote wamemzunguka. Chini ya zege, katika picha hiyo aliyoichora kichwani, hakuwahi kuweka mtu yeyote.

Jumapili moja dada yake mkubwa, Stela, alikuja nyumbani na habari njema. Alikuwa ameolewa Ntalikwa, na mtoto wake wa kike, wa miaka minne, alikuwa ameandikishwa chekechea, namba ya tatu kwenye orodha. Alieleza kwamba mirunda itatolewa Ijumaa baada ya kamati kukagua, na akina mama wamekubaliana siku hiyohiyo kupanga mabenchi chini ya baraza, wapikie pale na kusherehekea.

Bertila alinyamaza. Stela alipoondoka alimwambia baba yake kila kitu: nguzo, vitofali vikubwa, na wiki zote alizokaa kimya. Masolwa alimwuliza alikuwa na mpango gani.

"Limwangukie," alisema.

"Zege halichagui wa kumwangukia," baba akamjibu. "Wewe umejenga maisha yako yote, hujui hilo?"

Alilijua. Lakini hasira yake haikupungua hata chembe, na hilo ndilo lililomshangaza. Mtu mwingine angekwenda usiku uleule kwa Mzee Modesti akamaliza. Bertila aliona kwamba akifanya hivyo, Sixbert atasema ni kosa dogo, ataongeza nguzo mbili, atapongezwa kwa uangalifu wake, na yeye atabaki dada wa chai aliyeleta umbea. Alitaka mirunda isitolewe. Alitaka pia Sixbert aanguke. Akatafuta njia ya kupata yote mawili, na siku zilizobaki zilikuwa nne.

Alichimba udongo wa kichuguu, ule unaoshika sana, akaukanda. Akatengeneza kalibu ndogo kwa mbao za sanduku, akafyatua vitofali vya ukubwa wa kiberiti, zaidi ya mia. Akatengeneza na vibao viwili vyembamba vya udongo, vilivyolingana urefu na unene. Vyote akavikausha kivulini. Baba yake hakumwuliza ni vya nini, ila alikiokota kimoja, akakigonga kwa ukucha, akakirudisha.

Ijumaa alifika Ntalikwa na kapu kichwani. Kamati ilikuwa imekaa uwanjani mbele ya jengo, Sixbert mbele na ramani zake mkononi, mafundi pembeni wakisubiri ruhusa ya kutoa mirunda, akina mama nyuma na sufuria zao, Stela miongoni mwao. Bertila aliwaamkia wazee kwa adabu, akapiga magoti, akamwomba Mzee Modesti nafasi ya kuonyesha kitu kabla mirunda haijaguswa. Sixbert alisema hapana muda. Mzee akasema upo.

Akatua kapu, akapanga vitofali juu ya meza ya kamati mbele ya macho yao.  Kozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watu wakaanza kulitambua jengo lao. Akajenga nguzo mbili za pembeni, akalaza juu yake kibao kimoja cha udongo. Kisha akaanza kupanga vitofali juu ya kibao, kimoja baada ya kingine. Kwenye cha saba kibao kilikatika katikati. Akaokota vipande akaviweka kando. Akaongeza nguzo mbili nyembamba katikati, akalaza kibao cha pili, akapanga vitofali saba, kumi, ishirini. Kibao kikatulia. Akapanga hadi nafasi ikaisha.

Fundi mkuu alisema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye alijiuliza, ila ramani ndiyo iliyosema. Mzee Modesti akageuka kwa Sixbert.

"Ramani hii ni yako?"

Hili ndilo swali ambalo Bertila alilingoja. Alikuwa ameligeuza kichwani siku nne, akaona lina milango miwili tu, na yote miwili anaishika yeye: akikubali, kosa ni lake; akikataa, atamtaja aliyechora. Sixbert alitazama baraza, akatazama vipande vya udongo mezani, akatazama akina mama. 

"Kusema kweli, mzee, ramani si yangu. Zile picha mlizozipenda alizichora huyu dada. Kosa limetoka kwake."

"Rudia, bosi," Bertila akasema. "Akina mama wa nyuma hawajasikia."

Na kwa kuwa macho yote yalikuwa kwake, Sixbert alirudia: aliyechora ni Bertila. Ndipo Bertila alipotoa simu yake, akafungua ile programu, akampa Mzee Modesti. Jengo lile lile lilikuwa pale, na jina lake, na tarehe ya kabla kamati haijaja mara ya tatu. Baraza lilikuwa na nguzo nne. Akawaonyesha jinsi linavyogeuka vitofali vidogo, nguzo zote zipo. Akabofya vile vikubwa, nguzo mbili za katikati zikatoweka. Akaeleza kwamba alimwambia Sixbert zile ni picha za kuonyeshea tu.

 Sixbert alikunja ramani zake, akazikunja vibaya, akazikunjua, akazikunja tena. Hakuna aliyemwita mtaalamu. Bertila alimtazama mpaka alipofika kwenye pikipiki yake, na anasema kwamba utamu wa saa ile anausikia mdomoni mpaka leo.

Lakini Mzee Modesti alikuwa bado ameishika simu.

"Binti, ulilijua hili tangu lini?"

Angeweza kusema juzi. "Tangu msingi," akajibu.

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja yeye aseme alichosema."

"Mafundi hawa walitaka kutoa mirunda Jumatano ya wiki iliyopita. Mimi ndiye niliyewazuia, kwa sababu nilikuwa na homa nisiweze kuja." Akamrudishia simu. "Homa yangu, binti. Si wewe."

Bertila aliitia simu mfukoni. Alipogeuka alimwona Stela akibeba sufuria yake, akimshika mtoto mkono, akiondoka bila kuaga.

Mirunda iliachwa. Mhandisi wa halmashauri aliitwa akakagua, nguzo mbili zikachimbiwa misingi na kujengwa, na ramani ikachorwa upya na mtu mwenye leseni. Kwenye pembe yake kamati iliamuru liandikwe jina la Bertila Masolwa, mbuni wa jengo. Siku ya kufungua chekechea waliliandika jina hilo na ukutani, lakini mwenye jina hawakumwalika. Stela hakusema naye kwa miezi minne. Alipokuja kusema, alimwambia tu kwamba anaweza kusamehe mengi, ila hawezi kusahau kwamba Jumapili ile alikaa naye kwenye mkeka mmoja, akimhesabia mtoto wake namba ya tatu, naye akanyamaza. Bertila aliomba radhi. Kwa dada yake aliomba kwa moyo wote, akipiga magoti.

Kwa Sixbert hakuomba wala hakusamehe. Mkewe, Recheli, alikuja Itetemia kumsihi asiwapelekee wateja wengine wa mumewe habari ile. Bertila alimpa kiti, akampa maji, akamweleza kwa upole kwamba amechelewa, habari ameshazipeleka kwa wote aliowajua, na daftari la wateja alilijua vizuri kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiliandika. Kabla mwaka haujaisha Sixbert alifunga ofisi, akahamia Nzega.

Siku hizi Bertila ana meza yake mjini. Watu wanaotaka kujenga humletea wazo. Yeye hulijenga kwenye ile programu ya watoto, huligeuza vitofali vidogo, kamwe si vikubwa, huwaonyesha kozi moja moja mpaka waseme hapa ndipo, kisha huwapeleka kwa mwenye leseni. Wateja wamezoea sana kuona nyumba kwa vitofali hata hawakubali tena mistari mitupu, na desturi hiyo imefika mbali kidogo.

Imefika Nzega. Mwaka jana bahasha ilikuja kwa basi, na ndani yake mlikuwa na ramani ya nyumba ya vyumba vinne, nadhifu, na barua fupi ya mwandiko anaoujua. Mteja anataka kuiona kwa vitofali. Sixbert anaomba msaada, na safari hii anamwita mtaalamu.

Bertila aliisoma barua mara mbili, akaiweka bahasha juu ya kabati, mahali anapoiona akiinua macho. Ilikaa pale wiki tatu. Kisha akampa kondakta airudishe Nzega kama ilivyokuja, ramani ndani, bila neno.